Kuuaga Ukapera kwa Mfuko wa Nani?

Likizo za shule zinapokaribia, hasa za Agosti na Desemba ambapo harusi huwa nyingi, walimu vijana na wanafunzi wa vyuo hupokea ujumbe wa namna moja kwenye simu zao. Mwenzetu fulani anaoa. Marafiki wameafikiana kumsindikiza auage ukapera kwa mapumziko ya mwisho wa juma mjini Mombasa, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Kila mmoja anaombwa atoe shilingi 15,000 kabla ya tarehe iliyotajwa. Ni akina nani walioafikiana, na kiasi hicho kilipatikana kwa hesabu gani, hayo hayaelezwi.

Sherehe yenyewe sina ugomvi nayo. Mtu anayevuka kutoka maisha ya upweke kuingia ya ndoa anastahili kukaa na wenzake, wale na wacheke. Kinachonishughulisha ni ule mfuko. Mwaka 2023 Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanza kuwachukua walimu wanagenzi wa sekondari msingi, iliwapa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa namna hiyo akiombwa 15,000 anaombwa robo tatu ya mwezi wake kwa siku mbili za furaha ya mwenziwe. Atasemaje? Aghalabu hasemi lolote. Huandika neno moja, “Sawa”, kisha hutafuta mkopo. Mwanafunzi wa chuo hula karo. Aliyeshindwa kabisa hutoa udhuru wa ugonjwa wa jamaa, na tangu siku hiyo urafiki huingia ufa ambao bwana harusi hatajua chanzo chake.

Kosa liko katika mpangilio wa mambo. Mahali huchaguliwa kwanza, kwa kuwa mtu mmoja ameona picha za nyumba yenye kidimbwi cha kuogelea. Kisha gharama hugawanywa, na kila mtu hutakiwa ajilinganishe nayo. Mimi nashikilia kwamba yafaa kuanzia upande wa pili. Kwanza ujulikane uwezo wa mwenye uwezo mdogo kuliko wote, ndipo mahali patafutwe.

Uwezo huo hauulizwi hadharani. Ukiuliza mbele ya watu kumi, kila mmoja atataja kiasi cha kulinda heshima yake. Achaguliwe mweka hazina mwaminifu, na kila mmoja amtajie faraghani kiasi anachoweza kutoa bila kukopa. Mweka hazina atangaze kile cha chini kabisa pasipo kumtaja mwenyewe, na hicho ndicho kiwe mchango wa wote. Waliojaliwa zaidi hawazuiliwi ukarimu. Watie ziada yao katika bahasha ya bwana harusi. Na ikiwa yupo asiye na kitu kabisa, basi na aje, apike au aongoze safari. Naona bora wahudhurie kumi kwa mchango mdogo kuliko watano kwa mchango mkubwa.

Ushindani wa sherehe si jambo geni Mombasa. Mtafiti Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huu, ameeleza jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi na kwa karamu. Wanaume nao walikuwa na beni yao, yenye sare na vyeo vya kijeshi. Hata hivyo vyama vile vya lelemama vilikuwa na upande wa pili: wanachama wake walisaidiana penye harusi na penye matanga. Sisi wa leo tumerithi ule ushindani, tukautia katika picha za simu, na huo msaada tumeuacha njiani.

Tazama pia mkondo wa fedha unakoelekea. Katika desturi za harusi za Waswahili wa pwani, bwana harusi hunyolewa mbele ya jamaa na marafiki, nao humtuza. Fedha za siku hiyo humwelekea yeye, maana ndiye mwenye safari ndefu ya matumizi. Katika sherehe hizi mpya fedha humpita bwana harusi zikaishia kwa mwenye nyumba na mwenye baa. Wiki mbili baadaye kamati ya harusi inapoitisha mchango wa hema na chakula, marafiki wale wale hawana hata nauli ya kufika ukumbini.

Sasa tupige hesabu, na mwalimu wa hisabati akipenda aipeleke darasani. Tuchukue vijana kumi wanaotoka Nairobi, bwana harusi akiwa miongoni mwao. Mchango wa chini uliopatikana ni shilingi 6,000. Wengi watazidisha kwa kumi na kupata 60,000, wakisahau kwamba bwana harusi halipi. Wanaolipa ni tisa, kwa hiyo mfuko ni 54,000, ilhali wanaokula na kusafiri ni kumi. Kosa hili dogo la kuzidisha ndilo linaloleta manung'uniko ya Jumamosi usiku.

Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida katika garimoshi la SGR baina ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwa kiwango hicho, kwenda na kurudi ni 3,000 kwa kila mtu, na kwa watu kumi ni 30,000. Zaidi ya nusu ya mfuko imekwisha kabla ya mtu kuonja dafu. Tenga fungu la kumi kwa dharura, yaani 5,400, kwa sababu mtu huweza kuugua au gari kuharibika. Zimebaki 18,600 kwa malazi ya siku mbili, chakula na usafiri wa mjini. Kwa kila kichwa ni 1,860. Mwenye hesabu hii mkononi hatazungumzia tena kidimbwi cha kuogelea. Atatafuta basi la bei nafuu, au atauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzoni: kwa nini watu kumi wasafirishwe ilhali pengine sita kati yao wanafundisha Changamwe na Kisauni?

Mgeni anapotaja Mombasa huwazia Ngome ya Yesu na hoteli za ufuoni. Lakini katika sensa ya mwaka 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 1,208,333, na kati yao 154,171 tu ndio waliohesabiwa Mvita, kule kisiwani. Mombasa iliyobaki, ile ya watu wengi, iko ng'ambo: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe na jirani zake upande wa magharibi. Huko ndiko vijana wanakoishi, na huko mfuko wa 54,000 una nguvu, hasa pale nauli ya garimoshi inapoondolewa kwenye hesabu. (Nimewafahamu vijana wa Kisauni waliokwenda Nairobi kuuaga ukapera, huku wale wa Nairobi wakija Kisauni kwa shughuli hiyo hiyo. Walipishana njiani.)

Jiografia nayo ni sehemu ya bajeti. Garimoshi huwashusha abiria Miritini, jirani na Changamwe. Waliokodi nyumba Bamburi wakidhani wamefika hugundua kwamba wangali na safari ya kuvuka Makupa, kukikata kisiwa kizima, kisha kupita daraja la Nyali. Kumi wakiingia tuktuk tatu au nne wakati wa msongamano, fungu la dharura litaguswa siku ya kwanza. Afadhali kupatana mapema na mwenye matatu mmoja awachukue wote, bei ikitajwa kabla mlango haujafungwa. Anayelala Likoni ana neema nyingine: feri ya kivuko cha Kilindini haimtozi nauli mwendao kwa miguu. Gari hulipa na husubiri foleni. Basi mizigo iwe myepesi, watu washuke, wavuke pamoja na wafanyakazi na wachuuzi. Na ufuo wa Shelly hauko mbali na hapo. Kwa upande wa Kisauni upo ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kwa jina la Pirates, ambako mtu huoga baharini na kununua viazi karai bila kuulizwa amelala hoteli gani.

Nyumba ya kukodi ina maswali yake. Uliza kama mfereji unatoa maji, maana maeneo mengi ya ng'ambo hupata maji kwa vipindi, na watu kumi wanaooga mara mbili kwa siku kwa sababu ya joto watanunua madumu mengi ya mkokoteni. Uliza pia nani anayelipia stima. Chakula kisichukuliwe sahani kwa sahani hotelini. Wapo wapishi wa mitaani wanaopika pilau au biriani kwa hesabu ya kilo za mchele na nyama. Mkiagiza siku moja kabla, mtalipa bei ya sufuria. Asubuhi mahamri na mbaazi yanatosha. Jioni mishkaki. Masinia mawili kwa watu kumi, kila watano sinia lao, na mazungumzo huwa bora zaidi kuliko yale ya mezani.

Liko jambo ambalo makundi mengi hulikwepa, nalo ni pombe. Katika watu kumi wa pwani, au hata wa bara, hawakosi watatu au wanne wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao. Pombe inapolipiwa kutoka mfuko wa pamoja, asiyekunywa humlipia anayekunywa, tena huweza kuona anashirikishwa katika jambo ambalo imani yake inamkataza. Mfuko wa pamoja ulipie nauli, malazi, chakula na maji. Wanywaji wawe na mfuko wao, nao ukikauka usiombe mkopo kwa jirani yake. Najua wapo watakaosema huku ni kuligawa kundi. Kwa maoni yangu kundi hugawanyika zaidi pale mtu anapolipia asichokitaka na kunyamaza.

Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007 michango imekuwa rahisi kukusanywa, lakini wepesi huo una mtego. Mweka hazina mwenye deni la Fuliza, huduma iliyoanza mwaka 2019, akipokea mchango wa wenzake kwenye laini yake, deni lake hukatwa hapo hapo kutoka fedha iliyoingia. Hakuiba, lakini mfuko umepungua. Kwa hiyo ahakikishe laini haidaiwi, au fedha zipokelewe kwenye laini isiyotumiwa kwa mambo mengine, na wawepo watu wawili wanaoiona hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nao hawakuwa na simu. Daftari lenyewe si lazima liwe la kihasibu. Ukurasa mmoja wenye tarehe, kilicholipwa, aliyelipwa na salio unatosha, mradi uandikwe papo hapo wala si kwa kukumbuka Jumatatu.

Na yule aliyelipa kisha akashindwa kuja? Jambo hili ligombewe kabla ya safari. Naona haki ni kwamba fungu lake la nauli na malazi yaliyokwisha kulipiwa haliwezi kurudi, lakini la chakula na la dharura arudishiwe kabla salio halijatiwa katika bahasha ya bwana harusi. Jumapili mchana, baada ya kula na kabla ya mtu yeyote kufunga mzigo, mweka hazina ausome ukurasa huo kwa sauti, bwana harusi akiwa ametumwa kununua madafu.