Amana za Watu Katika Kompyuta: Maelezo kwa Ofisi na Vyama vya Mwambao wa Nyasa

Mwezi wa Agosti mwaka 1914, katika bandari ya Liuli ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata habari ya kuwa Uingereza na Ujerumani zimeingia vitani. Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza Gwendolen, alikuwa nayo habari hiyo. Akavuka ziwa, akaipiga mizinga ile meli. Yasimuliwa ya kuwa Berndt alimwendea kwa ghadhabu, akimwuliza rafiki yake wa siku nyingi kama amelewa. Akaambiwa ya kuwa kuna vita, naye ni mateka.

Kisa hiki chatukumbusha ya kuwa habari ni mali, na mwenye kuijua ana nguvu juu ya asiyeijua. Katika mwambao huo huo iko Lipingo, katika Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Zahanati, shule, vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa vya sehemu hizi huandika habari za watu kila siku: nani aumwa nini, nani adaiwa kiasi gani, mtoto wa nani ameshindwa mtihani. Zamani habari hizo zilikaa katika daftari, na daftari likafungiwa kabatini. Mwizi alipaswa kulibeba, na likiisha kuibwa pengo lake lilionekana. Siku hizi habari zazidi kuingia katika kompyuta na simu, na humo huibwa kwa kunakiliwa. Mwizi huondoka nazo, nazo zikabaki mahali pake kama hazikuguswa. Flashi moja iliyo ndogo kama kidole gumba yaweza kuchukua madaftari ya miaka mingi. Ndiyo sababu kufuli la kabati halitoshi tena.

Yafaa kwanza kujua ni habari zipi zahitaji ulinzi mkali. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msomaji wa jarida hili atapendezwa kujua ya kuwa sheria hiyo iliandikwa kwa Kiswahili, hata ikatupa istilahi zilizo wazi. Mtu ambaye habari ni zake huitwa mhusika wa taarifa. Ofisi iamuayo zikusanywe kwa kusudi gani huitwa mkusanyaji. Na yule azishughulikiaye kwa niaba ya mkusanyaji ni mchakataji. Tena ziko taarifa binafsi nyeti, na miongoni mwake ni habari za afya, za watoto, za imani ya dini, na za miamala ya fedha ya mtu. Kwa hiyo hata chama kidogo cha wakulima wa kahawa huko Mbinga, kiandikacho malipo ya kila mwanachama, chashika taarifa nyeti. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi mwezi Aprili mwaka 2024, ndiyo iandikishayo wakusanyaji na wachakataji na kupokea malalamiko.

Hapa pana jambo ambalo watu wa mijini hulisahau. Wengi hudhani ya kuwa ukifuta jina la mtu umeficha siri yake. Katika Dar es Salaam huenda ikawa hivyo, maana wanawake walimu wenye umri wa miaka 34 ni wengi. Lakini katika kijiji cha mwambao huenda mwalimu wa namna hiyo akawa mmoja tu. Orodha isemayo umri, kazi na kijiji imekwisha kumtaja, hata kama haina jina. Basi ofisi ya kijijini hapana budi iwe na hadhari kuliko ya mjini, wala isidhani ya kuwa udogo wake ni kinga.

Sasa nitaeleza njia za kulinda amana hizi, nikianza na ile isiyohitaji fedha wala fundi. Njia hiyo ni kukusanya kidogo. Habari ambayo hukuiandika haiwezi kuibwa kwako. Kikundi cha mikopo chahitaji kujua mkopaji amelipa ngapi. Hakihitaji kujua dini yake. Hali kadhalika habari iliyokwisha kazi yake, na ambayo sheria hailazimishi itunzwe, yafaa ifutwe.

Njia ya pili ni kila mtu kuwa na ufunguo wake. Katika kompyuta ufunguo huu ni neno la siri, ambalo wengine huliita nywila. Katika ofisi nyingi neno ni moja, limeandikwa juu ya karatasi na kubandikwa ukutani, na wote hulitumia. Likitokea jambo, haijulikani ni nani aliyefungua. Kila mtumishi akiwa na jina na neno lake, mashine huweka kumbukumbu ya aliyeingia na saa aliyoingia. Tena kila mmoja aone yale tu yaipasayo kazi yake: mwenye kupokea wagonjwa mlangoni hana haja ya kusoma majibu ya vipimo. Na mtumishi akihamishwa, ufunguo wake ufungwe siku ile ile.

Njia ya tatu ni kuzifumba habari zenyewe, ili hata akizipata mwizi asizisome. Waswahili waijua sanaa hii tangu zamani katika mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu. Ila kinyume kina udhaifu: mwenye kuijua kanuni amekwisha kujua yote. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika ya kuwa ufumbaji mzuri ni ule ambao hata adui akiijua kanuni yake yote, bado hawezi kusoma pasipo ufunguo. Ufumbaji wa kompyuta na simu za leo wasimama juu ya msingi huo. Basi simu ya ofisi ikianguka ziwani au ikiibwa mnadani, kilichopotea kiwe ni chombo, siri za watu zisipotee nacho. Lakini ufumbaji haumzuii aliye na ufunguo. Mtumishi akipiga picha ukurasa wa daftari la wagonjwa na kuupeleka katika kundi la WhatsApp, amekwisha kuifumbua siri kwa mkono wake mwenyewe.

Njia ya nne ni kuweka nakala na kusikia maonyo. Mwezi wa Mei mwaka 2017 programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilizifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Nayo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya udhaifu ule tangu mwezi Machi. Berndt alipatwa kwa kuwa habari haikumfikia. Hawa ilikuwapo miezi miwili kabla, na wengi hawakuifanyia kazi. Mwenye nakala iliyotengwa na mashine, akaijaribu mara kwa mara aone kama yafunguka, hana haja ya kumlipa mnyang'anyi.

Mwisho, mlango mkubwa kuliko yote ni ulimi. Nani katika Tanzania hajapata ujumbe usemao, ile hela itume kwa namba hii? Mwandishi wake hakuvunja kufuli lolote. Alitegemea tu haraka ya msomaji. Vivyo hivyo huja sauti ya upole ikisema, napiga kutoka makao makuu, nipe neno lako la siri. Yapasa kila ofisi iwe na desturi moja isiyovunjwa: neno la siri haliombwi wala halitolewi kwa simu, hata kwa mkubwa. Na siri ikivuja, isifichwe. Mhusika aambiwe mapema apate kujihadhari.

Huenda mtu akasema ya kuwa mambo haya ni makubwa mno kwa zahanati yenye watumishi wachache. Lakini na amfikirie mama aanzaye dawa za virusi vya UKIMWI. Sheria ya mwaka 2008 yamlinda asitolewe siri; lakini yeye haitazami sheria, awatazama walio dirishani. Akisikia ya kuwa siri ya mwenzake imetoka, atapita zahanati ya kwao akatafute dawa mbali, na siku akikosa nauli hatatafuta kabisa. Hapo uzembe wa neno moja la siri utakuwa umegharimu uhai. Aliyepewa habari ya mtu amepewa amana, na amana hurudi kwa mwenyewe kama ilivyotoka.