"Unabeba Nini?": Rivolva na Adabu ya Porini Alaska

Mwezi Julai, samoni wanapopanda mito ya Alaska kwenda kutaga mayai, wavuvi hujipanga kingoni mwa mto Kenai na mito mingine, na dubu nao hushuka kula. Watu wawili wakikutana kwenye njia ya msituni msimu huo, huulizana kwanza habari za samaki, kisha swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Unabeba nini?" Aliyeulizwa haelezi mzigo wa mgongoni. Hutaja tarakimu tu, .44 au .357 au .454, na mwenzake huitikia kwa kichwa. Tarakimu hiyo ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa sehemu za inchi, na bastola yenyewe imefungwa kifuani mwa msemaji ndani ya kifuko cha ngozi. Kutokana na jibu hilo fupi, msikilizaji anajua mengi: mwenzake anamhofia mnyama gani, amefanya mazoezi kiasi gani, amelelewa na wazee wa aina gani.

Jimbo hilo la Marekani lina ukubwa unaokaribia Tanzania mbili, lakini watu wake hawafiki 750,000. Dubu wa kahawia wanakadiriwa kuwa 30,000 hivi, na dubu weusi kama 100,000. Yupo pia muusi, mnyama wa jamii ya kulungu anayempita farasi kwa kimo, ambaye jike lake mwenye ndama hana subira na mtu yeyote. Kwa hesabu za huko, muusi hujeruhi watu wengi zaidi kuliko dubu. Mkazi wa sehemu kama hiyo haendi porini kutafuta ugomvi. Anakwenda kuvua, kuchuma matunda ya porini, kukata kuni, kubeba paja la nyama kutoka bondeni hadi kwenye mashua. Mikono yake ina kazi wakati wote. Bunduki ndefu ina nguvu kuliko bastola yoyote, na kila mwenyeji atakwambia hivyo, lakini bunduki iliyoegemezwa kwenye mti huku mwenyewe amesimama mtoni maji yakimfika kiunoni haina faida. Ndiyo sababu rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, hufungwa kifuani. Kiunoni pamechukuliwa na mkanda wa begi, au pamezama majini.

Mabishano ya kaliba yana mzee wake, naye hakuwa mtu wa Alaska. Elmer Keith alizaliwa Missouri mwaka 1899, akakulia Montana, na utotoni aliungua vibaya katika moto wa hoteli, mkono wake wa kushoto ukaharibika. Hata hivyo akawa mchunga ng'ombe, kiongozi wa wawindaji na mwandishi wa magazeti ya silaha, akaweka makazi yake mjini Salmon, katika milima ya Idaho. Alikuwa mfupi, mwenye kofia pana na sigara nene mdomoni. Mwaka 1925 silinda ya rivolva yake ya .45 Colt, kaliba iliyokuwa ikitumika tangu 1873, ilipasuka mkononi mwake alipokuwa akifyatua risasi alizozijaza mwenyewe. Wengi wangeacha majaribio hapo. Keith aliangalia chuma kilichopasuka akafanya hesabu: silinda ileile ikitobolewa kwa risasi ya .44 badala ya .45, ukuta wa chuma unaobaki kati ya tundu na tundu ni mnene zaidi, kwa hiyo unastahimili baruti nyingi zaidi. Akahamia .44 Special. Kwa karibu miaka 30 akawa anaandika, anabishana na kuwasihi watengenezaji watoe risasi ya kaliba hiyo yenye nguvu kubwa kuliko ile ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 1955 Smith & Wesson na Remington waliitoa, nayo ikaitwa .44 Magnum.

Imani yake ilikuwa rahisi kueleza. Risasi iwe pana, iwe nzito, iwe na uso bapa, na iende kwa mwendo wa kutosha kupenya hadi upande wa pili. Mpinzani wake mkubwa, Jack O'Connor wa jarida la Outdoor Life, alipenda bunduki ya .270, yenye risasi nyepesi iendayo kasi. Wawili hao walivutana kwenye kurasa za magazeti kwa miongo mingi, na wasomaji wakagawanyika nyuma yao. Mpaka leo, nyumbani kwa mwindaji wa milima ya magharibi, ukitaja jina mojawapo utajua mara moja umekaa kwenye kambi ya nani.

Kabla ya .44 Magnum kulikuwa na .357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935. Risasi yake ina uzito wa gramu 10 hivi, ya .44 hufika 15 na nusu. Baadaye wakaja wakubwa zaidi. .454 Casull ilianza kama jaribio la miaka ya 1950, ikapata rivolva yake mwaka 1983 kutoka kiwanda kidogo cha Freedom Arms, kule Freedom, Wyoming. Mwaka 2003 ikaja .500 ya Smith & Wesson, yenye risasi ya upana wa milimita 12.7 na bastola ambayo, ikiwa na mtutu mrefu, inafika kilo mbili. Kilo mbili kifuani kutwa nzima si jambo dogo kwa mtu anayepanda mlima, na inapofyatuliwa, teke lake hupanda mpaka kwenye kiwiko.

Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mtu anayehamia Alaska kutoka mji mkubwa huingia dukani na kuomba kubwa kuliko zote. Mwaka 1971 filamu ya Dirty Harry ilimweka Clint Eastwood na .44 Magnum mbele ya macho ya dunia, na watu wakazinunua kwa pupa. Tangu hapo wenye maduka husimulia kisa kimoja kwa namna nyingi: rivolva inarudishwa kuuzwa ikiwa kama mpya, pamoja na pakiti yake ya risasi 50, na zilizopungua ni sita tu. Mwenyewe alijaza silinda mara moja, akafyatua, akaogopa. Mtu huyo alikuwa na nguvu ya kumwangusha dubu, lakini hakuwa na uwezo wa kuitumia, na mbele ya dubu anayekuja mbio mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Kwa hiyo wazee wa porini humpa kijana ushauri ambao sisi wa nje hatuutarajii: beba kubwa kuliko zote unazoweza kuzilenga vizuri, upesi, risasi ya pili ikifuata ya kwanza. Kama mkono wako unaishia .357, basi beba .357, na usione haya. Rivolva yenyewe imeumbwa kwa malezi ya namna hiyo. Iliyotengenezwa kwa .357 Magnum hupokea pia .38 Special, ya .44 Magnum hupokea .44 Special, na ya .454 hupokea .45 Colt, ile kongwe ya 1873. Kijana huanza na .22 ya kuwindia kwale wa misitu ya misonobari. Halafu hupewa bastola kubwa yenye chakula cha mtoto, yaani risasi hizo dhaifu zaidi, mpaka mkono na moyo vizoee. Hatanguliziwi zile kali. Akitishika mara ya kwanza, atafumba macho kila anapovuta kifyatulio, na tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miaka. Masikio nayo huzibwa wakati wa mazoezi, maana mlio wa .44 unapita desibeli 150, na wapo wazee wengi katika jamii hii wanaosikia kwa shida kwa sababu enzi zao kuziba masikio kulionekana ulegevu.

Anayewinda kwa rivolva na anayeibeba kwa usalama tu huchagua kwa njia tofauti, hata kaliba ikiwa moja. Mwindaji wa kulungu hutumia risasi inayopanuka mwilini ili mnyama aanguke karibu. Kwake yeye sifa ni kusogea: amejinyima bunduki yenye darubini kwa hiari, sasa lazima anyate mpaka mita 50 au pungufu, upepo ukimpiga usoni, na kama nafasi si safi arudi nyumbani mikono mitupu. Wenzake humsifu kwa risasi aliyoizuia kuliko kwa ile aliyoipiga. Mbebaji wa pwani ya dubu hataki risasi ipanuke. Anataka risasi ngumu ya kusubu, iliyochanganywa antimoni na bati, yenye uso bapa, ipite kwenye misuli na mfupa bila kupinda mpaka ifike kwenye ubongo au uti wa mgongo. Mwaka 2016 Phil Shoemaker, kiongozi wa wawindaji anayejulikana sana Alaska, alimuua dubu wa kahawia aliyewavamia yeye na wageni wake wakienda kuvua, kwa bastola ya milimita 9 ambayo wengi wangeicheka. Alikuwa na risasi ngumu, alikuwa na miongo ya kuwajua dubu, na mkono wake haukutetemeka. Tukio hilo halikuifanya milimita 9 kuwa silaha ya dubu, lakini liliwakumbusha watu kazi hufanywa na nini.

Adabu ya kushika silaha hufundishwa kabla ya kulenga. Hakuna anayempa mwenzake rivolva silinda ikiwa imefungwa: huifungua, humwaga risasi, huonyesha matundu matupu, ndipo hukabidhi, na mpokeaji naye huangalia tena hata kama ameona. Zile za mtindo wa zamani zilijazwa risasi tano badala ya sita, nyundo ikalala juu ya tundu tupu, kwa sababu zikianguka zingeweza kufyatuka zenyewe. Husimuliwa kwamba wachunga ng'ombe waliweka noti iliyokunjwa kwenye tundu hilo, pesa ya kuzikiwa. Kampuni ya Ruger iliondoa hatari hiyo katika rivolva zake mpya tangu mwaka 1973, lakini wako wanaoendelea kujaza tano, kwa heshima ya aliyewafundisha. Siku hizi vijana wengi wanahamia bastola za magazini za milimita 10, zenye risasi nyingi na teke dogo. Wazee hujibu kwamba rivolva haikwami hata ikigandamizwa kwenye mbavu za mnyama aliyekulalia. Wote wana hoja.

Tena wapo wanaouliza kama bastola inahitajika kabisa. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichambua matukio ya Alaska na kutoa matokeo mwaka 2008: dawa ya pilipili ya kupuliza ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya visa, na asilimia 98 ya waliokuwa nayo hawakuumia. Mwaka 2012 wakachapisha hesabu ya silaha za moto, visa 269 tangu mwaka 1883. Bastola zilifaulu katika asilimia 84 ya visa zilimotumika, na bunduki ndefu 76, lakini jumla ya majeraha haikuonyesha kwamba mwenye silaha aliyeitumia alikuwa salama kuliko yule ambaye hakuitumia. Mimi naona takwimu hizi zinastahili kusikilizwa, na wenyeji wengi wamezisikiliza: hubeba vyote viwili. Hata rubani wa ndege ndogo ana mila yake kuhusu hili. Mkebe wa pilipili hauingii ndani ya ndege, kwa sababu ukivuja angani rubani atakuwa kipofu. Hufungiwa ndani ya boya la ndege ya majini au nje kwenye nguzo ya bawa. Bastola huingia, ikiwa tupu.

Kaskazini ya mbali, Wainupiati, wenyeji wa asili wa huko, wamewinda caribou, kulungu wa nchi za baridi, kwenye vivuko vya mito tangu zamani sana. Mahali paitwapo Onion Portage, kwenye mto Kobuk, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu ambao, kizazi baada ya kizazi kwa takriban miaka 10,000, waliwangojea caribou wakiogelea. Sheria ya jimbo inakataza kuwinda wanyama wakubwa kwa .22, risasi ndogo kuliko zote nilizozitaja, lakini katika maeneo hayo ya kaskazini inaruhusu itumike kwa caribou aliye majini, kwa kuwa mashua humkaribia kiasi kwamba mlengaji hahitaji zaidi ya hapo. Na kijana anayeua mnyama wake wa kwanza hali nyama ile. Huigawa kwa wazee.

Nyama ndiyo sheria kubwa. Muusi mmoja mkubwa hutoa kama kilo 225 za nyama, na aliyempiga analazimika kuitoa yote inayolika, shingo na mbavu zikiwemo, kabla ya kubeba pembe. Mtu anayefikiria kaliba gani itoshe muusi anapaswa kufikiria pia migongo mingapi itabeba, na umbali gani hadi mtoni.

Kwa dubu aliyeuawa kwa kujihami, mambo ni magumu zaidi. Sheria haikubali utetezi wa mtu aliyemchokoza mnyama, wala wa aliyeacha takataka au samaki wazi karibu na kambi. Na hata mwenye haki hawezi kumwacha pale alipoanguka na kwenda zake. Lazima amchune palepale, makucha yakibaki kwenye ngozi, atoe fuvu, avikabidhi vyote kwa idara ya wanyamapori, na ajaze maelezo ya tukio ndani ya siku 15. Yeye mwenyewe habaki na kitu. Ngozi za namna hiyo hupigwa mnada na serikali mjini Anchorage wakati wa tamasha la majira ya baridi, na yeyote anayetaka kununua, akiwemo aliyempiga dubu huyo, hunyoosha mkono na kutaja bei kama watu wengine.