Talaka, watoto na nyumba ya rehani: wapi umlipe wakili, wapi uokoe fedha

Ndoa ikivunjika, swali la kwanza la jamaa huwa ni kama umeshapata wakili. Benki ikileta notisi ya kuuza nyumba, jamaa hao hao wanasema tulia, tutakwenda kuongea na meneja. Kwa maoni yangu ushauri huo umekaa kinyume. Kwa Tanzania Bara, mashauri mengi ya talaka yanaweza kusogea mbali bila wakili, ila notisi ya benki ina siku zilizohesabiwa. (Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko huenda Mahakama ya Kadhi, haya ninayoyaandika ni ya Bara.)

Tuanze na talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mtu kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Lazima apite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA. Wapo wachache wanaosamehewa hatua hiyo, kwa mfano aliyetelekezwa na mwenza asiyejulikana alipo. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ile watu wanayoiita Fomu Na. 3. Hapa hahitajiki wakili hata kidogo, na anayekutoza ili akuandikie barua ya kwenda barazani anakuuzia kitu ambacho ungeweza kukieleza kwa mdomo wako mwenyewe. Ila hati hiyo ina umri: ombi la talaka linatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu itolewe. Ukiiweka kabatini hadi hasira zipoe, utarudi barazani kuanza upya.

Baada ya hapo una mahakama za kuchagua. Kwa mashauri ya ndoa, sheria imezipa mamlaka Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, na ni uchaguzi huu unaoamua utatumia kiasi gani. Mahakama ya Mwanzo iko karibu, ada zake ni ndogo, inaendeshwa kwa Kiswahili, na watu wamezoea kujisimamia wenyewe. Kwa miaka mingi mawakili walikuwa hawaruhusiwi hata kusimama humo. Ukianzia juu, gharama zinapanda pamoja nawe: wakili, usafiri, nakala, siku za kazi zinazopotea. Wakazi wa Dar es Salaam wana nafasi nyingine. Tangu 2021 kipo Temeke kituo jumuishi cha mahakama cha mashauri ya mirathi na familia, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko mahali pamoja.

Kwa ndugu Waislamu, kuna kosa linalowagharimu wengi. Talaka ikishatamkwa na familia zikatawanyika, wengi huhesabu kuwa mambo yamekwisha. Mbele ya sheria ya Bara ndoa bado inangoja amri ya mahakama, na mgawanyo wa mali vilevile. Mwanamke anayekubali kurudi kwao na begi moja kwa sababu kaambiwa “umeshaachwa” anaacha nyuma haki ambayo isingemgharimu sana kuidai.

Kwenye mali sasa, wakili anaanza kuwa na maana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi husimulia habari hiyo kana kwamba inampa kila mmoja nusu. Sivyo. Katika shauri hilo hilo Bi Hawa hakuambulia kitu, na mahakama bado zinataka ushahidi wa nani alichangia nini, tena kwa kiasi gani. Kama mali yenu ni vyombo vya ndani na kiwanja kimoja msichogombania, fedha ya wakili itaila mali yenyewe. Kama kuna nyumba mbili, duka na gari, na mwenzako anasema vyote ni vya mama yake, mtafute wakili mapema, ukiwa umeshakusanya risiti, miamala ya simu na majina ya mafundi waliojenga.

Watoto ni mlango mwingine, tena wa gharama nafuu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Juu ya yote linatazamwa lililo bora kwa mtoto, kama inavyosisitiza Sheria ya Mtoto ya 2009. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Huduma yake ni bure, anaweza kuwaita wote wawili na kuwaandikisha makubaliano ya matunzo, na shauri likifika mahakamani taarifa yake ina uzito. Mzazi anayetumia mamilioni kushindania mtoto huku halipi ada ya shule ya mtoto huyo huyo hajanishawishi kwamba anamtafutia mtoto kitu.

Nyumba ya rehani ni habari nyingine kabisa. Ukishindwa kulipa, benki lazima ikupe notisi ya maandishi, na sheria inakupa siku 60 tangu uipokee kabla haijaweza kuuza. Kisha mnada wenyewe unatakiwa kutangazwa kwa umma siku 14 kabla. Humo ndimo mwa kutumia fedha. Nyundo ya dalali ikishagonga na mnunuzi akawa amenunua kwa nia njema, kumtoa ni kazi ngumu mno.

Zipo njia tatu, na bei zake hazifanani. Ya kwanza ni kuiandikia benki kuomba kupangiwa upya marejesho. Haina gharama, na benki ikikupuuza unaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu. Ya pili ni kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa ridhaa ya benki, kwa sababu bei ya mnadani mara nyingi ni ya kutupa. Ya tatu ni zuio la mahakama, ambalo ndilo ghali. Tuseme unadaiwa milioni 40 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Kesi ikikaa miaka miwili, riba peke yake inaongeza milioni 13.6, mbali na wakili. Zuio lina maana pale tu benki ilipokosea: notisi haikufika, au mwenza hakuridhia rehani ya nyumba ya familia.

Kuhusu ridhaa hiyo, wapo wakopaji wanaoapa kuwa hawana ndoa huku mke yuko jikoni. Mwenza anaweza kujikinga mapema kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati juu ya nyumba ya ndoa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kesi ya kuirudisha nyumba iliyokwisha kupigwa mnada.

Asiye na fedha kabisa hajafungiwa. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria hadi vijijini, na huduma yao haitozwi. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia pia, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani tangu 2023. Upungufu wa msaada huu ni huu: msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukuandalia karatasi, lakini hawezi kukusimamia mahakamani kama wakili.

Ukiamua kulipa, mwombe wakili akuandikie ada ya shauri zima, inajumuisha nini, na rufaa ikitokea itakuwaje. Anayekataa kuandika, mwache. Na jihadhari na vishoka wanaozurura nje ya mahakama wakiwa na suti na mihuri. Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta jina la mtu huyo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Usipolikuta, chukua makaratasi yako uondoke.