Sindano ya bei nafuu na deni linalobaki utumboni

Mgonjwa akilazwa na homa kali katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, mara nyingi sindano ya kwanza huwa ni seftriaksoni, ile ambayo wengi huiita Powercef. Sababu zake zinaeleweka. Hutibu maradhi mengi, bei yake si kubwa, na kwa kawaida hudungwa mara moja tu kwa siku. Tiba ya siku 7 ni sindano 7. Ampisilini hudungwa kila baada ya saa 6, kwa hiyo siku hizo hizo zinadai sindano 28, mabomba 28 na muuguzi wa kuamka usiku. Kwa anayetazama risiti peke yake, seftriaksoni imeshinda.

Lakini risiti haionyeshi yanayotokea utumboni. Jentamaisini ya sindano hutoka mwilini kupitia figo na mkojo, na utumbo hauguswi sana. Seftriaksoni, sehemu yake isiyo ndogo hupita kwenye nyongo na kumwagikia utumboni ikiwa bado na nguvu. Huko huua bakteria wengi wanaotulinda, na wale wachache sugu, hasa E. coli na Klebsiella, hutanda kama magugu kwenye shamba lililong'olewa mazao. Mgonjwa hahisi lolote. Huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa nao, nao huweza kukaa miezi, na akiwa wodini huweza kuwaambukiza wenzake kupitia mikono na vyoo. Siku wakiingia kwenye mkojo, kidonda au damu, ndipo gharama halisi inapodaiwa.

Dawa inayotegemewa hapo ni meropenemu. Hudungwa kila baada ya saa 8, yaani sindano 21 kwa siku 7, na kila kichupa ni ghali kuliko cha seftriaksoni. Njia ya mkato, yaani kutumia antibiotiki nyingine badala yake, ni ya hatari: katika utafiti wa MERINO uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa wenye bakteria wa aina hiyo kwenye damu waliopewa meropenemu walifariki asilimia 3.7 ndani ya siku 30, na waliopewa piperasilini-tazobaktamu asilimia 12.3.

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Ampisilini, jentamaisini na nitrofurantoini ni za kuanzia. Seftriaksoni, siprofloksasini na meropenemu zote ni za kuangaliwa. Kwa mwanamke mwenye maambukizi ya kibofu, asiye na homa wala tatizo la figo, vidonge vya nitrofurantoini vya siku 5 hufanya kazi kwenye mkojo bila kuusumbua sana utumbo. Siprofloksasini huusumbua zaidi.

Panaponiuma hasa ni kwenye upasuaji. Mama anajifungua kwa upasuaji, hakuna dalili ya maambukizi, na bado familia inatumwa dukani kununua seftriaksoni na metronidazoli za siku kadhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uko wazi: antibiotiki ya kinga hutolewa kabla ya kisu, na haiendelezwi baada ya upasuaji kuisha. Dozi moja ya sefazolini inatosha kwa wengi. Zinazoongezwa juu yake hulipiwa mara mbili, kwanza kwa fedha, kisha kwa bakteria sugu.

Urefu wa tiba nao ni gharama. Utafiti wa BALANCE wa mwaka 2024, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 3,600 wenye bakteria kwenye damu, ulionyesha kuwa siku 7 hazikuwa duni kuliko siku 14. Wenye bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hawakuhusishwa, kwa hiyo uamuzi wa siku ni wa daktari.

Usiikatae seftriaksoni kwa kusoma haya. Kwa homa ya uti wa mgongo inaokoa maisha, na mgonjwa mahututi hasubiri majibu ya maabara. Ila damu au mkojo uchukuliwe kwa ajili ya kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza, ikiwa hakutachelewesha tiba. Majibu yakifika baada ya siku mbili au tatu, muulize daktari kwenye raundi: je, kuna dawa ya kundi la kuanzia inayofaa? Anaweza kuhamia vidonge? Tiba inakoma siku gani? Kipimo cha kuotesha kina bei yake, lakini kati ya yote yaliyo kwenye bili, hicho ndicho cha mwisho kukatwa.