Goku ana kasi gani hasa?

Mwaka 1985, msomaji wa jarida la Kijapani la Weekly Shonen Jump hakuwa na haja ya kubishana kuhusu mbio za Son Goku. Saa ilimwambia. Katika Dragon Ball, manga (hadithi ya picha) iliyokuwa ikitoka humo, mzee Kame-sennin anawapima wanafunzi wake wapya, Goku na Krillin, kwenye mita 100. Goku, akishabadili viatu vilivyochakaa, anamaliza kwa sekunde 8.5. Mzee mwenyewe, na ndevu zake nyeupe, anatumia 5.6.

Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa sekunde 9.93, iliyowekwa na Mmarekani Calvin Smith mwaka 1983. Kwa hiyo mchoraji Akira Toriyama alikuwa amempa mtoto wa kwenye manga kasi isiyo ya binadamu, lakini ambayo binadamu anaweza kuiwazia. Usain Bolt, aliyekimbia kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, naye angeachwa na mtoto huyo kwa zaidi ya sekunde nzima.

Miaka michache baadaye kisa kilitoa kipimo cha pili. Goku amekufa, na huko ahera anatakiwa kwenda kufundishwa na Kaio, anayeishi mwisho wa Njia ya Nyoka. Urefu wa njia hiyo unatajwa: kilomita milioni moja hivi. Safari ya kwenda inamchukua takriban miezi sita. Ukigawanya kwa siku 180, unapata kilomita 231 kwa saa, mchana na usiku, bila kulala. Baada ya mazoezi kwenye sayari ndogo ya Kaio, ambako uzito wa kila kitu ni mara kumi ya hapa duniani, safari ya kurudi inakadiriwa kuwa ya siku mbili. Hiyo ni karibu kilomita 20,800 kwa saa, mara 17 ya kasi ya sauti.

Mpaka hapo hesabu ni ya darasa la sita: umbali, muda, kugawanya. Wenye kumtetea Goku huiona ni hesabu ya kumdhalilisha shujaa wao. Wao huleta ushahidi wa mwezi.

Katika mashindano ya kwanza ya Goku, Kame-sennin, aliyejibadilisha na kujiita Jackie Chun, anaulipua mwezi kwa mwale wa Kamehameha. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani, na mwanga wenyewe huhitaji sekunde 1.3 kufika. Kwenye kurasa, mwale unaondoka na mwezi unapasuka baada ya picha chache tu. Mashabiki husema zimepita kama sekunde tatu, hivyo mwale ulikwenda kilomita 128,000 kwa sekunde. Goku wa baadaye hukwepa miale ya wapiganaji wenye nguvu kumzidi mzee huyo mara nyingi sana. Basi, wanahitimisha, naye yuko karibu na kasi ya mwanga.

Udhaifu wa hoja hiyo uko kwenye zile sekunde tatu, maana hakuna aliyezipima. Kati ya kisanduku kimoja cha picha na kingine kuna ufa mweupe, na ufa huo unaweza kuwa kufumba na kufumbua au dakika nzima. Ukisema ni dakika moja, kasi ya mwale inashuka hadi kilomita 6,400 kwa sekunde. Ukurasa ni uleule na mwezi ni uleule, lakini jibu limepungua mara ishirini.

Tena, hesabu hizo mbili zinakataana. Mtu mwenye kasi ya kilomita 128,000 kwa sekunde angeimaliza Njia ya Nyoka kwa sekunde nane. Lakini Goku, aliyefufuliwa, akiwa bado njiani kurudi, adui Vegeta anawapa wenzake Goku saa tatu za kumsubiri. Saa zinakwisha, Goku hajafika, na vita vinaanza tena. Anapotua, wenzake Yamcha, Chaozu, Tenshinhan na Piccolo wote ni maiti.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kasi ya kupigana na kasi ya kusafiri ni vitu viwili. Kuna ukweli ndani yake. Ngumi ya bondia hodari hufikia kama mita kumi kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Kelvin Kiptum wa Kenya, alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alikwenda wastani wa kilomita 21 kwa saa. Mkono unaushinda mwili mzima, lakini hata mara mbili haifiki. Kwa Goku, pengo kati ya vita na safari lingekuwa la zaidi ya mara 20,000.

Wengine huegemea kauli za wahusika. Katika Saint Seiya ya Masami Kurumada, mashujaa wa shaba hutajwa kuwa na kasi ya sauti na wale wa dhahabu kasi ya mwanga. Fizikia haikubali kirahisi: mtu wa kilo 60 akienda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga hubeba nishati inayozidi mara 150 ile ya Tsar Bomba, bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kujaribiwa, lililolipuliwa na Wasovieti mwaka 1961. Ngumi moja ingeondoka na hekalu, mlima na watazamaji.

Na mhusika anaweza kusema uongo. Katika Bleach ya Tite Kubo, Gin Ichimaru anajigamba kwamba upanga wake hurefuka hadi kilomita 13 kwa mara 500 ya kasi ya sauti. Anayeichukua kauli hiyo na kupiga hesabu anapata kilomita 170 kwa sekunde. Sura kadhaa baadaye Gin anamwambia Aizen kwamba alidanganya: upanga si mrefu wala si mwepesi kiasi hicho. Kubo hakutaja kipimo cha kweli.

Kwa hiyo anayetaka tarakimu za Goku zenye mguu wa kusimamia anabaki na zile ambazo kisa chenyewe kimetoa umbali na muda wake. Na hata hizo zinafuata mahitaji ya kisa. Goku alipaswa kuchelewa ili wengine wapigane na kufa kwanza, kwa hiyo njia ikawa ndefu kiasi cha kumchelewesha. Toriyama alipompa baadaye mbinu ya kuhama papo hapo, aliyojifunza kwenye sayari ya Yardrat, Goku aliionyesha kwa kwenda nyumbani kwa Kame-sennin na kurudi na miwani ya mzee kabla wenzake hawajaelewa kilichotokea. Kuanzia hapo umbali haukuweza tena kumchelewesha. Walipokuja maadui waliofuata, wale wa kutengenezwa na Daktari Gero, Toriyama alimwondoa vitani kwa njia nyingine: alimpa ugonjwa wa moyo na kumlaza kitandani.