Utumbo dhaifu wahusishwa na shinikizo la damu

SHINIKIZO la damu limezoeleka kuwa maradhi ya moyo, figo na mishipa ya damu. Hata hivyo, tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba utumbo nao una mchango katika maradhi haya yanayoua kimyakimya.

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa kwa safu moja tu ya seli, zilizoshikamana kwa protini maalumu. Safu hiyo hupitisha maji na virutubishi hadi kwenye damu, na wakati huo huo huwazuia bakteria na sumu zao kupenya.

Protini hizo zinapolegea, sumu za bakteria huingia katika damu. Kinga ya mwili huamka kupambana nazo, na vita hivyo vikidumu hudhuru mishipa ya damu, ikashindwa kutanuka ipasavyo. Damu inapolazimika kupita katika mishipa iliyokaza, shinikizo hupanda.

Mnamo 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, waliripoti kuwa panya wenye shinikizo la juu walikuwa na utumbo unaovuja zaidi kuliko panya wenye afya. Mwaka uo huo, wenzao wa China waliwapandikizia panya wasio na bakteria kinyesi cha wagonjwa wa shinikizo la damu. Panya hao nao shinikizo lao likapanda.

Mlo pia una nafasi yake. Bakteria wazuri humeng'enya nyuzinyuzi za vyakula na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo ndiyo lishe kuu ya seli za utumbo mpana na husaidia kuimarisha ukuta wake. Nyuzinyuzi hizo hupatikana kwa wingi katika maharagwe, ndengu, wimbi, mboga na matunda. Chumvi nyingi, kwa upande mwingine, huweza kupunguza baadhi ya bakteria hao. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.

Hata hivyo, haijathibitishwa kwa binadamu iwapo utumbo unaovuja ndio chanzo au ni matokeo, kwani huenda shinikizo lenyewe pia likaudhuru ukuta huo.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa hapaswi kuacha dawa alizoandikiwa na daktari ili kutumia dawa za 'kusafisha tumbo' zinazouzwa mitaani. Kuacha dawa ghafla kwaweza kusababisha kiharusi.