Nani Amemfanya Mkali?

Anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba huko Mbweni, Mazizini au Fumba huuliza mbegu kabla ya kuuliza chochote. Anataka mbwa wa Kijerumani, au Rottweiler, au Boerboel wa Afrika Kusini, na yuko radhi kulipa pesa nyingi avushwe kutoka Dar es Salaam, akiamini kuwa ukali umo damuni na utajitokeza wenyewe. Anayeogopa mbwa naye hufikiri vivyo hivyo: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi ni daktari wa mifugo, na jambo hili nalihesabu zito, kwa sababu imani hiyo inawaponza watoto wetu na kuwatesa wanyama.

Unguja ni mahali pazuri pa kuipima imani hiyo. Mbwa wetu wengi hawana mbegu ya kutajwa. Ni mbwa wa kienyeji, wembamba, wa rangi ya mchanga au mabaka, ambao watu huwaita mbwa koko na kuwadharau. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, wakaona kwamba wengi wao ni uzao wa Afrika wenyewe, si machotara wa mbwa walioletwa na wageni. Mbwa wa kienyeji ana nasaba yake, nayo ni kongwe.

Sasa mtazame mbwa huyo katika maisha matatu. Katika vijiji vya kusini na mashariki, wasasi wamewinda kwa mbwa tangu zamani, wakifuata paa na nguruwe mwitu katika vichaka vya uwandani, kwenye ile ardhi ya mawe isiyolimika kwa urahisi. Paa nunga analindwa siku hizi, lakini ujuzi wa wasasi unatufundisha kitu. Mbwa wa msasi huambiwa afukuze, akamate, asimame, arudi. Anaua porini, kisha anarudi kwa njia ya kijiji, katikati ya kuku, mbuzi na watoto. Asiyeweza kupita hapo bila kudhuru hana faida kwa mwenyewe, atamtia hasarani siku ya kwanza. Basi ukali upo, lakini una mahali pake na wakati wake.

Ndugu yake anaishi ufukweni, Paje au Nungwi. Tangu mdogo amezoea wageni wanaomtupia chakula na kumkuna kichwa, na leo utamwona amelala mchangani karibu na mtu asiyemjua hata jina. Ndugu wa tatu alichukuliwa angali ananyonya, akafungwa mnyororo nyuma ya ukuta, akawa anapelekewa chakula kwa kusukumiwa bakuli kwa fimbo. Getini pameandikwa "Mbwa Mkali", na kweli ni mkali. Hao watatu wanaweza kuwa wametoka tumbo moja; kilichowatofautisha ni malezi.

Mwaka 1961 huko Maine, Marekani, Daniel Freedman na wenzake walieleza jaribio la watoto wa mbwa waliokulia katika uwanja mkubwa uliozungushiwa uzio, bila kuguswa na binadamu. Walitolewa kwa zamu, kila kundi kwa umri wake, wakazoeshwa watu. Waliotolewa mapema walizoea. Waliobaki mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na hawakupata kuwa mbwa wa kawaida. Tangu hapo wataalamu wanalijua dirisha hilo la kuzoea: linafunguka kama wiki ya tatu ya maisha, na kati ya wiki ya 12 na ya 14 linakuwa limekaribia kufungwa. Anachokutana nacho mbwa katika kipindi hicho hukihesabu kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho hukiogopa, na mbwa aliyeogopa asiyekuwa na pa kukimbilia huuma.

Mfikirie mtoto wa mbwa aliyezaliwa gofuni Mji Mkongwe, au jaani huko Ng'ambo. Anatimiza miezi mitatu akiwa amejifunza jambo moja tu kuhusu mkono wa binadamu: kwamba ukiinuka, jiwe linakuja. Akikua na kumrukia mtoto anayekimbia, tunasema ndiyo asili yao.

Najua wengi wetu hatumgusi mbwa. Sisi ni Mashafii, mate yake ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, na haimruhusu mtu kumpiga mnyama. Dini hiyo hiyo inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, katika aya ya 4 ya Surat al-Maida, na hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inamtaja mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumlea mbwa vizuri hakuhitaji kumkumbatia. Sauti ya upole, chakula kwa saa yake na watu wanaopita bila kumtupia kitu vinatosha kabisa kumfundisha kuwa binadamu si adui.

Je, damu haina lake? Inalo. Kuanzia mwaka 1959, Dmitri Belyaev wa Novosibirsk alizalisha mbweha akiwachagua wapole tu, na baada ya vizazi vichache wakawa wanatikisa mikia wakiona watu. Wengine walichaguliwa kwa ukali, nao wakazidi kuwa wakali, hata watoto wao walipolelewa na mama wapole. Woga na ukali hurithiwa. Lakini hurithiwa kwa baba na mama hasa, kuliko kwa jina la mbegu. Mwaka 2022 Elinor Karlsson na wenzake walichapisha majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, pamoja na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine, na wepesi wa kuchokozeka ulikuwa katika tabia ambazo mbegu ilizitabiri vibaya kabisa. Jambo ambalo mbegu inalileta bila shaka ni ukubwa wa mwili na taya: Boerboel akiuma, jeraha si la mbwa koko.

Huko Marekani, Gary Patronek na wenzake walichunguza vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa kati ya 2000 na 2009. Katika visa zaidi ya robo tatu, mbwa alikuwa ametengwa na maisha ya kila siku ya watu. Aghalabu hapakuwa na mtu mzima wa kuingilia kati, na aliyeshambuliwa hakuwa amezoeana na mbwa huyo. Ukiusoma utafiti huo unamwona mbwa wa mnyororo.

Kuna ukali mmoja usiotokana na damu wala malezi, nao ni kichaa cha mbwa. Mpole aliyebadilika ghafla aogopwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kisiwani Pemba kichaa hicho kiliondolewa kwa kuwachanja mbwa, kikarudi mwaka 2016, kikazimwa tena 2018.

Kwa hiyo unayetaka mlinzi, usianze na mbegu. Nenda kwa anayeuza, umwombe akuonyeshe mama. Simama mbali kidogo, uone anavyokupokea: anakuja kunusa, au amejibanza pembeni anakenua meno? Uliza watoto wake wamekaa wapi, wameguswa na nani, wamesikia sauti za watoto na pikipiki? Mchukue akiwa na wiki nane, si kabla, ili mama na ndugu zake wamfunze kupima nguvu ya meno yake. Na mnyororo uuache dukani.